Mgonjwa wa Kambi ya Juu

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Kiongozi,

Simu yako nimeipiga wiki nzima naambiwa haipatikani, nikaona basi nirudi kwenye karatasi. Wala si tabu. Miaka thelathini na minane nimejaza mafaili ya wazazi, mkono umeshazoea. Mimi ni yule mama mkunga mstaafu uliyempandisha mlimani mwezi uliopita, mwenye koti la njano, aliyekuwa anamuuliza kila mpagazi kama amekula. Naamini umeshanikumbuka.

Kwanza hali yako. Nauliza si kwa kutimiza salamu tu, nauliza kwa sababu nimekuwa nikikuwaza tangu nirudi. Tulikuwa tumeshaipita kambi ya juu, kilele nakiona kwa macho yangu, kimebaki kama mwendo wa saa moja, na wewe ukakaa chini kwenye barafu ukashika kifua. Ukasema, "Mama, nisaidie, sipati pumzi, nishushe." Nilikutazama usoni nikajua huyu hatanii. Ulikuwa unayumba, unarudia neno moja mara tatu. Mimi nilikuwa buheri wa afya. Hata baridi sikuisikia, nilikuwa na joto zuri kama mtu aliyetoka kuoga, na furaha ambayo sijaipata tangu siku niliyokabidhiwa cheti cha ukunga. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Nikakushika mkono, nikakuteremsha hatua kwa hatua hadi kambini, nakusemesha usije ukalala. Sikukuachia hata mara moja.

Sikulaumu, mwanangu, ingawa nitakuwa mwongo nikisema haikuniuma. Niliagwa kazini kwa keki na saa ya ukutani. Nikajiambia, maisha yangu yote nimepokea watoto wa watu na kushangilia furaha za watu, sasa nataka kitu kimoja kiwe changu. Kipeperushi cha Kampuni kilisema kila mwenye moyo anaweza, umri si hoja, kilele kwa uhakika. Wenzangu wa wodini walishaacha nafasi kwenye ubao wa matangazo kwa ajili ya picha yangu. Ninavyosikia, sasa wanabandika ratiba za zamu pembeni yake, wanasogea taratibu.

Sasa nikueleze nililofanya. Nimemwandikia Meneja wa Kampuni. Nimemtajia dalili zako zote, moja baada ya nyingine, na nimesema kwa ujuzi wangu kwamba mtu huyu asipandishwe tena mpaka apimwe moyo na mapafu. Sijaomba nirudishiwe hata senti. Una mke na watoto wawili, uliniambia mwenyewe, na siku nyingine utaangukia mikononi mwa mgeni asiyejua hata kushika mgonjwa. Najua utakasirika kidogo. Kasirika, ila upime.

Ni mimi mama yako,
Mkunga


Tarehe 18 Februari

Mama Mkunga, shikamoo.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mitungi ya hewa, imefika ina alama za vidole vyake vyote kumi. Huku kwetu chini ya mlima simu inapatikana ukipanda juu ya tangi la maji, na mke wangu amenikataza kupanda tangi la maji tangu aambiwe nina kifua kibovu.

Ningekusahauje? Wapagazi bado wanakuulizia, hasa yule mrefu tunayemwita Nguzo. Anasema katika misimu kumi na moja wewe ndiye mgeni wa kwanza kumuuliza kama amekula.

Ile barua nyingine, ya Meneja, nayo imefika. Wamenisimamisha mpaka nipimwe na kamati ikae. Usijisumbue, Mama. Nimepata nafasi ya kuezeka upya banda la mbuzi ambalo nimesemwa kwa ajili yake tangu msimu wa juzi. Nimepigilia mabati, nimejipigilia na kidole gumba. Kazi ya chini nayo ina hatari zake.

Naomba nikuulize mambo machache, kama hutajali. Vidole vyako vinaendeleaje? Kichwa kinauma? Unasahausahau? Unakumbuka vizuri tulivyoshuka, nani alitangulia, nani alibaki nyuma? Ni mazoea yetu tu kuwajulia hali wageni.

Asante kwa kunishika mkono.

Kiongozi wako


Tarehe 5 Machi

Mwanangu Kiongozi,

Marahaba. Yaani mgonjwa ndiye anamuuliza muuguzi hali? Haya, nikuridhishe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi kidogo. Juzi niliweka funguo kwenye friji, binti yangu akasema huo ni uzee, nikamwambia uzee ukija aufungulie mlango. Kuhusu kushuka, nakumbuka nimekushika mkono. Mengine yamechanganyika, lakini nani anaangalia njia akiwa na mgonjwa?

Nina habari. Meneja amenipigia mwenyewe. Kanisomea taarifa uliyoandika kwa mkono wako siku ile: "Mteja yuko imara. Kiongozi ameugua, msafara umekatishwa." Anasema mteja mwenye afya njema akikatishwa safari, Kampuni inaona aibu. Wana mpango mpya, siku tano badala ya tisa, wanauita Safari ya Mkato. Wamenipa nafasi kwa nusu bei, na kiongozi mwingine. Naondoka tarehe 9 Juni.

Nilipofunga simu nilicheza, peke yangu, jikoni, na mwiko mkononi. Nakueleza wewe kwa sababu binti yangu nikimwambia atanuna.

Na wewe hujanijibu. Umepimwa au hujapimwa? Usinizungushe, nimezungushwa na wajawazito wasiotaka sindano, mbinu zote nazijua.

Mama yako,
Mkunga


Tarehe 20 Machi

Mama Mkunga, shikamoo.

Kupimwa nimepimwa. Majibu ninayo. Hayo tuyaache.

Nakuomba usiende. Nimeianza barua hii mara tatu nikitafuta namna nzuri ya kulisema hilo, sijaipata, kwa hiyo nimeliweka mwanzoni. Siku tano hazitoshi. Damu ya mtu inataka muda wa kuzoea hewa nyembamba, tena ya mtu mzima inataka zaidi. Zamani tulikuwa tunalala kambi moja siku mbili, tunacheza karata tu, wageni wanalalamika wamechoka kukaa. Siku zile za kukaa ndizo zilizokuwa zinawarudisha nyumbani. Sasa zimekatwa kwa sababu kila siku ya kukaa ni chakula na mishahara.

Halafu watu wamekuwa wengi. Wewe ulipita siku nzuri. Msimu uliopita nilihesabu watu sitini na wawili kwenye kamba moja chini ya kilele, wamesimama kama wanasubiri dirisha la benki, na kila mmoja mtungi wake wa hewa unaisha akiwa amesimama. Ukishaingia kwenye foleni ile huwezi kupita wala kurudi. Aliye mbele yako akikaa chini, unamruka.

Mwili wako siku ile ulikuwa umeshafika mwisho wake, Mama. Niamini. Nenda mahali pengine, nenda baharini ukaogelee. Picha ya ufukweni nayo inabandikwa ubaoni.

Kiongozi wako


Tarehe 28 Machi

Kiongozi,

Nimesoma. Mwili uliofika mwisho siku ile si wangu, na sote wawili tunajua ulikuwa wa nani.

Sikutegemea haya kutoka kwako. Nilidhani utanifurahia. Kama una uchungu kwa sababu ya kazi, sema una uchungu, nitaelewa, lakini usinitishe mtu mzima kwa hadithi za foleni ili nami nisifike mahali ambapo wewe huwezi kufika tena.

Nimeshalipa. Tarehe 9 Juni naondoka.

Mkunga


Tarehe 6 Aprili

Kwa Mama Mkunga,

Hunijui. Mimi ni mke wa huyo Kiongozi wako. Hajui kama nakuandikia, na akijua tutakosana, lakini tumeshakosana kwa mambo madogo kuliko hili tukapatana.

Barua yako ya mwisho ilikuwa mfukoni mwa suruali niliyokuwa nafua. Nimeisoma nikiwa nimesimama, povu mpaka kwenye viwiko. Mama, samahani, wewe ni mkubwa wangu, ila nitasema. Mume wangu haumwi. Hajawahi kuumwa. Mlima mzima wanamwita Mapafu. Majibu ya hospitali yako chini ya godoro letu, yamesema kifua chake ni cha mtu wa miaka ishirini na mitano. Ameyaficha.

Mgonjwa ulikuwa wewe.

Nguzo alikuwepo, ndiye aliyenisimulia, mume wangu huwa hasemi ya wageni. Ulivua glavu ukazitupa. Ukafungua koti kwenye baridi inayokausha mate mdomoni. Ukamlaza Nguzo chini, jitu lile lenye mzigo mgongoni, ukapiga magoti mbele yake ukaanza kumwambia, "Sukuma, mama. Usibane. Kichwa nakiona." Nguzo anasema alitaka kucheka, akaona macho yako, akaogopa. Wanaita ulevi wa mlima, ubongo unavimba. Mtu katika hali ile ukimwambia anaumwa hakubali. Anakuwa mkali, anakusukuma, wengine hukata kamba. Anajiona mzima kuliko siku zote, kama wewe ulivyojiona, na joto lako la kuoga.

Kwa hiyo viongozi wana namna yao. Wanaita kubeba. Kiongozi anaugua yeye. Anakaa chini, anashika kifua, analia kama inabidi, anamwomba mgeni amshushe. Mgeni aliyekataa kushuka kwa ajili yake mwenyewe anakubali kushuka kwa ajili ya mwenzake, tena anashuka na heshima yake. Mume wangu anasema kwako haikuwa kazi hata kidogo. Ulipoona mtu anaumwa uliacha kilele kama mtu anavyoacha kiti. Uliushika mkono wake, kweli. Na Nguzo alikuwa amekushika kiuno kwa nyuma njia nzima, na kamba yako ilikuwa imefungwa kwake. Vidole vyako unavyo kwa sababu mume wangu aliviweka kwapani kwake usiku kucha.

Utauliza kwa nini hasemi. Kanuni ya Kampuni ni kwamba kiongozi akijifanya mgonjwa anafukuzwa siku hiyohiyo, kwa kumdanganya mteja aliyelipia kilele. Kwa hiyo akiumwa hana kazi, na asipoumwa hana kazi. Pia wenzake wamemsihi anyamaze. Wageni wakishajua kuna kubeba, siku kiongozi akishika kifua watamcheka na kumpita.

Sikuandikii ili umrudishie kazi. Mbuzi sasa wana paa, tutaishi. Naandika kwa sababu tangu barua yako ije anakaa mlangoni anautazama mlima, na jana kaniambia, "Yule mama atakufa kule, na mimi ndiye niliyeandika kwamba yuko imara." Usiende, Mama. Na ukiwa bado unataka kwenda baada ya kusoma haya, basi nenda ukijua.

Mimi,
Mke wa Kiongozi


Tarehe 29 Aprili

Kwa Meneja wa Safari

YAH: KUFUTA MALALAMIKO DHIDI YA KIONGOZI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika barua yangu ya Februari nilieleza kwamba kiongozi wangu aliugua juu ya kambi ya juu. Maelezo yale hayakuwa ya kweli na nayafuta yote. Mgonjwa nilikuwa mimi. Kiongozi aliniambia waziwazi, mbele ya mpagazi, kwamba nimeshikwa na ugonjwa wa mlima na lazima nishuke. Nilikataa na kumtolea maneno makali. Aliendelea kunieleza kwa uvumilivu mpaka nikakubali. Nilipofika chini niliona aibu kwa wenzangu, nikamshinikiza aandike kwamba aliyeugua ni yeye, akakubali kwa kunihurumia. Baadaye nikatumia taarifa hiyohiyo kumlalamikia. Hilo ni kosa langu peke yangu.

Nafuta pia safari yangu ya tarehe 9 Juni. Nafasi mpeni mwingine. Naelewa kwamba baada ya haya Kampuni haitanipokea tena kama mteja.

Mkunga mstaafu
Nakala: Kiongozi


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Nakala ya barua niliyompelekea Meneja iko ndani ya bahasha hii. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Nimedanganya, ndiyo. Nimetafuta ukweli ambao ungekurudishia kazi bila kuwafichua wenzako, sijauona, basi nimetunga. Wiki mbili nzima nimekaa na barua ya mkeo, na usimgombeze, amenifanyia jambo ambalo hata binti yangu hakuthubutu. Nilipofika pale pa Nguzo nilicheka. Kisha nikaenda kufungua kamera ambayo sikuwa nimeifungua tangu nirudi, nikakuta picha arobaini na moja. Zote za kiganja changu kitupu.

Hapo ndipo nililia. Mimi ndiye niliyemwandikia Meneja "kwa ujuzi wangu". Mtu niliyekuwa namwona anayumba alikuwa amesimama wima, mimi ndiye nilikuwa nayumba. Nimekwenda kupimwa kichwa. Daktari, ambaye nilimpokea mimi mwenyewe siku anazaliwa, amesema nipumzike na funguo zitaacha kwenda kwenye friji. Wodini nimewaeleza kama nilivyomwandikia Meneja, kwamba mgonjwa nilikuwa mimi na nilikuwa nimewadanganya. Mmoja amesema alijua. Hakujua lolote, lakini nimemwachia.

Kuhusu maneno yangu ya mwezi wa tatu, kwamba una uchungu na kilele, nisamehe. Nimeyakumbuka kila siku.

Nina ombi. Usinibebe tena, mwanangu. Ulinibeba mlimani na nakushukuru, lakini huku chini nimechoka kubebwa. Kuanzia leo lolote litakalotokea, liwe zuri au baya, niambie kama lilivyo.

Mama yako,
Mkunga


Tarehe 24 Mei

Mama Mkunga, shikamoo.

Nimerudishwa kazini. Nimepewa onyo la maandishi kwa ile taarifa, naanza na msafara wa Julai. Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Mke wangu anajua, anakusalimu, na anasema paa la mbuzi linavuja.

Umesema nikwambie yote. Meneja aliipenda sana barua yako. Aliisoma mbele yetu kwenye kikao, akasema hiki ndicho tulichokuwa tunakihitaji, mteja anaambiwa waziwazi, anaelewa. Wametengeneza fomu. Sasa mgeni akionyesha dalili, kiongozi anamweleza hali yake, mgeni anaamua kushuka au kuendelea, anatia saini. Ni amri, asiyeifuata anafukuzwa. Viongozi tulitazamana tukanyamaza. Mimi nilikuwa nimerudishwa kazini dakika kumi tu kabla ya hapo.

Labda itasaidia. Tutaona.

Kiongozi wako


Tarehe 21 Juni

Mama Mkunga, shikamoo.

Mke wangu amenikataza kukuandikia haya. Tumebishana siku mbili. Lakini uliniambia nikwambie kama lilivyo.

Nafasi yako ya tarehe 9 ilichukuliwa na mwalimu wa hesabu mstaafu. Mtu mpole, kila kambi alikuwa anawahesabia wapagazi mizigo ili asije mmoja akabebeshwa zaidi. Begi lake lilikuwa na lebo yako, wamekata jina kwa kalamu wakaandika lake juu. Siku ya tano, karibu na pale nilipokaa mimi, alianza kufungua koti. Alikuwa anamsomesha mtu ambaye hayupo.

Kiongozi wake ni mwenzetu mzuri, kubeba anakujua, nilimfundisha mimi. Lakini amri ni fomu. Akamweleza waziwazi kwamba anaumwa. Mwalimu akacheka, akasema hajawahi kujisikia vizuri kama leo. Akapewa karatasi akatia saini. Saini nimeiona, ni mistari minne imepita nje ya kisanduku. Mwenzetu akajaribu kukaa chini ashike kifua, akawa amechelewa. Mtu ukishamwambia wewe ndiye mgonjwa, hakuamini tena ukisema mgonjwa ni mimi. Akamwambia, "Acha hila, nimeshasaini."

Aliingia kwenye foleni. Akakaa chini hapo kwenye kamba, na watu wakamruka. Siwalaumu sana, kila mmoja hewa yake ilikuwa inaisha.

Niliitwa kwenda kumteremsha, mimi, Nguzo na wengine sita. Imetuchukua siku nne. Binti yake alikuwa anasubiri getini. Meneja akamwonyesha fomu, akamwambia baba yako alielezwa, akaamua mwenyewe. Alipoondoka Meneja, binti akanigeukia mimi. Akaniuliza kama hakukuwa na namna nyingine yoyote ya kumshusha baba yake. Nikamwambia pole sana.

Sisemi ni wewe, Mama. Fomu aliitengeneza Meneja, na mimi nilikuwepo ikisomwa nikafunga mdomo kwa sababu ya kazi yangu. Hilo nalijua ni langu, siwezi kukupa wewe. Lakini ilitoka kwenye barua yako, na ungekuja kulisikia kwa mtu mwingine.

Kiongozi wako


Tarehe 3 Julai

Mwanangu,

Nimeipata. Umefanya vizuri kuniambia, na mkeo mwambie alikuwa na haki ya kukukataza.

Wiki hii yote nimekuwa nikiingia chumbani na kutoka. Jana nilikaa mezani kumwandikia yule binti. Nilimaliza ukurasa mzima, ulikuwa mzuri, wenye pole na maelezo yote. Niliposoma tena nikakuta nimeshaanza kuyapunguza mambo kidogo, nalainisha hapa, nafunika pale, ili asiumie. Nikaichana.

Nitafutie anwani yake. Lakini kwanza nitapita kwenu, nitafika na lori la mitungi Alhamisi ya wiki ijayo. Nikisimama mbele ya Meneja na kusema ukweli ili fomu ile iondolewe, kazi yako itakwenda, na siri ya wenzako itakwenda nayo. Hilo siwezi kuliamua peke yangu kama nilivyoamua mara mbili zilizopita. Tutakaa watatu, wewe, mkeo na mimi, na Nguzo akipenda. Mkisema hapana, nitawasikiliza mpaka mwisho. Kwa binti nitakwenda vyovyote iwavyo.

Usinijibu. Nakuja mwenyewe. Barua nimeshaandika za kutosha.

Mkunga